Panya Buku, Mshauri wa Ngoma

Paukwa.

— Pakawa.

Pakawa ghala, ndani ya ghala ngoma, na ndani ya ngoma?

— Twambie.

Nitawaambia, lakini kwa zamu yake.

Hapo kale za kale, wanyama walipokuwa wakiposana na kuoana kwa shangwe, alikuwapo Bwana Ngiri, mkuu wa ngoma katika kijiji cha Mbugambili. Nasema Ngiri, si Nguruwe. Wao wenyewe hawapendi kuchanganywa.

Bwana Ngiri alikuwa na ngoma tatu. Ya kwanza Msondo, ngoma ndefu ya kusimamisha. Ya pili Chapuo, ngoma ndogo ya kuharakisha mwendo. Ya tatu Vumi, ngoma nene yenye ngozi pande mbili, na ubavuni kitundu cha kutolea sauti. Ngozi zote zilikuwa za mbuzi waliokufa kwa uzee. Nalitaja mapema asije mtu akaniuliza.

Baada ya mavuno ngoma ziliwekwa ghalani. Na ghalani alikaa Panya Buku. Si panya yule mdogo wa jikoni. Buku, mwenye mwili kama wa paka na mkia kama kamba ya ndoo.

Sasa, Bwana Ngiri alikuwa na binti, jina lake Sikudhani, aliyeposwa na ngiri wa ng'ambo ya mto. Desturi ya huko ilikuwa hivi: siku ya harusi, upande wa bibi harusi hupiga ngoma ya kwanza. Wasipoweza, upande wa bwana harusi hupiga, na tangu hapo wao ndio wenyeji. Wao hukaa kivulini, wao hupakuliwa kwanza, na baba wa bibi harusi hushika birika akawanawisha watu mikono. Bwana Ngiri aliliogopa birika hilo kuliko simba.

Harusi ilipokaribia, akafungua ghala. Msondo ulikuwa na tundu la kupitisha kichwa. Akamwita Buku, kwa kuwa ndiye mkaazi wa ghala, akamtaka shauri. Buku akaizunguka ngoma, akainusa, akavaa uso wa msiba.

"Bwana Ngiri," akasema, "ngozi hii imekufa kwa kiu. Ngozi kavu hupasuka. Zilizobaki zipake mafuta ya ufuta."

Bi Kanga, mwimbaji wa ngoma, akauliza mbona mpasuko una alama za meno. Buku akamjibu kwa upole kwamba ukavu ukizidi huuma. Bi Kanga akaenda kuleta ufuta, maana kanga hajui mambo ya meno.

Wakapaka ufuta. Buku akala Chapuo.

Bwana Ngiri akaja tena, akamtaka shauri tena. Buku akasema ufuta ni mwepesi mno, ngozi ya mbuzi inataka mafuta ya nazi. Wakapaka Vumi mafuta ya nazi. Buku akala ngozi moja ya Vumi, na siku hizo akaanza kutembea kwa kuyumba.

Ikabaki ngoma moja, na ngozi moja ya akiba. Bwana Ngiri akaja mara ya tatu, machozi yakimlenga.

"Kosa ni lenu," akasema Buku. "Mnapaka nje tu, na kiu iko ndani. Kabla ya kuiwamba hiyo ngozi mpya, pakeni samli, ndani na nje, na msifanye choyo."

Mke wa Ngiri akatoa samli aliyoiweka kwa pilau ya harusi. Ikapakwa yote. Ngozi ikawambwa, ghala likafungwa.

Buku akajipenyeza katika kile kitundu cha ubavuni mwa Vumi. Akalamba chini, akalamba pembeni, akalamba juu. Ngozi akaiweka iwe ya kumalizia. Tumbo likamjaa, usingizi ukamchukua.

Alipoamka, tumbo lilikataa kupita kwenye kitundu. Angeweza kuitoboa ngozi, lakini nje wageni walikuwa wamekwisha fika, na kutokea ndani ya ngoma mbele ya wakwe ni kuungama. Akatulia.

Vumi likawekwa karibu na moto ili ngozi ikaze. Buku akatokwa na jasho, akatulia. Likagongwa kwa kidole kujaribiwa. Buku akang'ata mkia wake, akatulia. Bwana Ngiri akainua mkono wake wote.

Ndu! Wii!

Wageni wakatazamana. Lakini Bi Kanga, asiyejua meno, sauti anazijua. Akauacha wimbo wa harusi, akaanzisha mwingine:

"Nani kala Msondo?"

Ndu! "Mimi, mama!"

"Nani kala Chapuo?"

Ndu! "Mimi, mama!"

"Na ule ukavu?"

Ndu! "Hakuna ukavu, mama, mwambie apunguze mkono!"

Bwana Ngiri akainama, akasema taratibu kwenye kitundu: "Mshauri wangu, ukiitoboa ngozi hii, nitakuwamba wewe."

Basi Buku hakutoboa. Ngoma ikapigwa, naye akaitikia mpaka jua likachwa, na kila mchezaji akataka aitikiwe. Sikudhani akaolewa kwa heshima, na birika likashikwa na baba wa bwana harusi. Kwa kuruka na kutoka jasho Buku akakonda, akachomoka kitunduni, akakimbilia porini. Ndiyo maana hata leo ukipiga ngoma, buku hukaa shimoni.

Wakati wa kuagana, baba wa bwana harusi akamvuta Ngiri kando, akamwomba amfundishe namna ya kutengeneza ngoma inayojibu.

"Ni rahisi, mkwe wangu," akasema Bwana Ngiri. "Mtafute anayekula ngozi zako, halafu umtake shauri."

Funzo ni hili: ukipata hasara, kabla ya kumuuliza mtu dawa yake, mtazame kwanza tumbo.

Ghala nimelifunga, ufunguo anao Bi Kanga. Hadithi ikiwa tamu, ichukueni mwende nayo; ikiwa chachu, niachieni mimi na Buku.