Sahani Iliyochelewa Kurudi

Leo, ndugu zangu, nawaletea mwanamke mmoja na kabati lake. Aliishi zamani katika mji wa bara ambako ardhi haikuwahi kutikisika. Hata babu wa babu zao hawakuwa na hadithi ya jambo hilo.

Kabatini mlikuwa na sahani za maua alizoachiwa na marehemu mama yake. Alizipenda mno. Alizifuta vumbi na kuzifungia kwa ufunguo, zingojee wageni wa maana. Mumewe alikula kwenye bati. Je, mume si mtu wa maana? Msicheke. Kwenu je?

Siku moja jirani yake akajifungua. Vyombo vya bati vyote vilikuwa vichafu, basi mwanamke yule akampelekea mzazi wali katika sahani moja ya maua, kwa shingo upande. Wiki zikapita, sahani haionekani. Roho ikamuuma.

"Baba watoto, sahani ya mama yangu ndiyo imekwenda hiyo!"

"Atairudisha. Hajapata cha kutia tu. Sahani ya jirani hairudi tupu, mama watoto."

"Basi airudishe hivyo hivyo tupu!"

Akajitanda kanga, akatoka kuifuata. Hajafika mbali, ardhi ikapepetwa kama mchele kwenye ungo. Watu wakakimbilia nje wakimtaja Mungu. Ikatulia. Hakuna aliyeumia, Mungu ashukuriwe. Lakini aliporudi ndani alikuta kabati limelala kifudifudi, na sahani zote zimekuwa vigae. Alikaa chini akalia kama mfiwa.

Jioni akasikia hodi. Ni jirani, mtoto mgongoni, na sahani ya maua mkononi, imejaa viazi vitamu vya moto.

"Dada, nisamehe kwa kuchelewa. Viazi vyangu leo ndiyo vimekomaa."

Mwanamke akaipokea kwa mikono miwili. Machozi na kicheko vikamjia pamoja.

"Ungewahi, dada yangu, leo nisingekuwa na kitu cha mama."

Wakala pamoja, na mumewe akala kwenye maua kwa mara ya kwanza. Alifurahi mtu yule!

Mnaona, ndugu zangu? Alichokifungia kimevunjika. Alichokitoa, tena bila kupenda, ndicho kilichomrudia, na hakikurudi kitupu. Sisi je, tumefungia nini, na tunamngoja mgeni gani?

Mama, ukifika nyumbani leo, fungua kabati. Na kama kuna sahani yako kwa jirani, usiifuate. Iache huko huko, iko salama.