Mkono wa Ndani ya Chungu

Mwanamke mmoja alikuwa na ua wa kufundishia ufinyanzi, na ua huo ulikuwa na mlango mwembamba. Jina lake Nakijwa. Kila kiangazi alipokea wanagenzi wachache, mabinti waliochaguliwa kwa wepesi wa vidole na kwa jina la mama zao. Walikaa kwake, wakala chakula chake, wakamchotea maji na kumkandia udongo. Mvua zilipokaribia, kila mmoja alikuwa ametoa motoni chungu kizima. Watu wakasema Nakijwa anajua kufundisha. Naye aliamini, maana nani hapendi kusifiwa?

Lakini nje ya ua walikuwapo wengi waliotaka kujifunza na hawakuwa na mama wa kutajwa. Jambo hilo lilimkera. Mwaka mmoja aling'oa uzio wa upande wa njia, akatangaza sokoni kwamba anayetaka aje, aketi, ajifunze, bila malipo na bila kuulizwa katoka wapi. Wakaja wengi mno: wajane, wazee, mafundi cherehani, wanawake wenye watoto mgongoni. Uwanja ukafurika, wakaketi mbele yake hadi ukingoni mwa njia. Aliwafundisha kwa maneno yaleyale aliyowafundishia mabinti.

Siku ya kuchoma, vyungu vilipasuka motoni kimoja baada ya kingine, na watu wakasimama wakisikiliza kazi yao ikiharibika. Wengi hawakurudi tena. Dada yake mkubwa, Namkunda, aliyekuwa msimamizi wa machimbo ya udongo, alikuja kaukunja uso. Udongo wa kijiji unaishia kuwa vigae, alisema, na waliokimbia ni wavivu tu. Mvua zikianza kabla vyungu vizima havijatoka katika uwanja ule, uzio utarudishwa, na udongo watapewa waliochaguliwa peke yao.

Nakijwa aliona aibu, tena aibu ya kuchoma. Kwa kitambo alitamani dada yake awe amesema kweli, kwa kuwa ni rahisi kuwalaumu walioondoka; hawapo wa kujibu. Lakini hakuvitupa vile vigae. Alivikusanya uwanjani, akaviunga kipande kwa kipande, jasho likimtoka, huku majirani wakimcheka kwamba sasa anafinyanga takataka.

Zamani, katika ua wake, chungu cha binti mmoja kilipopasuka, alisema binti alikuwa na haraka, au udongo ulikuwa na kokoto, na maneno yakaisha. Safari hii vigae vilikuwa rundo zima, na karibu vyote vilikuwa vimepasuka mahali pamoja: begani, pale chungu kinapoanza kujikunja kuelekea shingoni. Watu wale hawakujuana. Hawakutoka kijiji kimoja wala hawakuwa na haraka moja. Walichoshiriki ni mwalimu.

Basi akaenda kuwatafuta walioondoka, nyumba kwa nyumba. Wengine walimfungia mlango. Muuza maandazi mmoja, Nambike, alimkaribisha, akakubali kufinyanga mbele yake. Mkono wa kulia ulikwangua udongo kwa nje, vizuri kabisa. Wa kushoto ulikuwa umetulia gotini. Nakijwa akamuuliza mbona hautii ndani kuusukuma udongo na kuushikilia.

"Kumbe na huo unafanya kazi?" alisema Nambike. "Sisi tulikaa mbele yako, mwalimu. Tuliona tumbo la chungu tu."

Hapo Nakijwa akaelewa. Wale mabinti wa ua walisimama nyuma yake kila siku wakimmiminia maji, wakachungulia juu ya bega lake, wakauona mkono wa ndani. Hakuwahi kuutaja. Miaka yote alikuwa amesifiwa kwa somo ambalo hakujua kwamba analitoa.

Namkunda aliposikia alisema jibu limepatikana, awaambie watu watie mkono ndani, yaishe. Nakijwa akakataa.

"Nilidhani najua, dada, na kudhani huko kumewafukuza watu. Sasa sitaki kudhani. Nataka kuona."

Akawaita tena walioondoka, akawaeleza wazi kwamba anapima mahali pa kuketi, bila kuutaja mkono, na waliokubali wakapiga kura kwa punje za mahindi, ili asije akajichagulia hodari kama zamani. Waliopata punje nyeupe waliketi nyuma yake, waliopata nyekundu wakabaki mbele. Udongo ulikuwa mmoja, maneno yaleyale, moto mmoja. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya milimani, na Namkunda alikuwa amekwisha kuleta fito za uzio. Nakijwa aliziona akaendelea kufundisha.

Moto ulipozima, vyungu vya waliokaa nyuma vingi vilitoka vizima. Vya waliokaa mbele vilipasuka begani, kama vile vya kwanza. Hakuwaacha hao waondoke na hasara yao. Siku hiyohiyo aliwahamishia nyuma, wakaanza upya, wakamaliza kuchoma mvua ikiwa mlangoni. Vyungu vichache vilikuwa vimepasuka kitakoni, hata vya waliokaa nyuma, na sababu yake hakuijua. Akavitenga pembeni, viwe kazi ya kiangazi kijacho.

Namkunda aliukagua uwanja, akagonga chungu hiki na kile kusikiliza mlio wake. Kisha akaagiza fito zile zipelekwe kujengea zizi la mbuzi.

Enyi mnaofundisha vyuoni, mliofungua masomo yenu mtandaoni yakaingiwa na maelfu, kisha mkatikisa vichwa kwa kuwa wengi waliishia njiani: mmekwisha kuwaita wavivu, lakini ni nani kati yenu aliyewahi kuwafuata akawauliza waliona nini kutoka pale walipokuwa wameketi?