Kahawa Iliyomwamsha Ngilisho

Ukimnywesha mlevi kahawa, msikilize.

Leo mmemsikia shangazi yenu akimtupia jirani maneno hayo pale mashineni, mkacheka, kisha mkaja mbio kuniuliza yametoka wapi. Hayakutoka kwenye kicheko. Endeleeni kupukuchua mahindi, kazi ya mikono haizuii masikio. Methali yenyewe ilizaliwa hivi.

Juu mlimani Kilimanjaro, kule ambako migomba na mibuni husongamana hata jua likashindwa kufika chini, palikuwa na mwanamke aitwaye Foibe. Alikuwa kiongozi wa kina mama kanisani, mtu wa kufagia uwanja kabla umande haujakauka, na vitambaa vya viti vyake vilikuwa vyeupe kama maziwa. Mumewe aliitwa Ngilisho, na Ngilisho alikuwa mlevi.

Lakini si mlevi wa matusi, la. Asubuhi alikata majani ya ng'ombe, akamaliza, akashika njia ya kilabu. Huko alikunywa mbege, pombe ya ndizi, na mbege isipomtosha aliongeza gongo, bila kugombana na mtu. Alirudi kwa miguu yake mwenyewe, akajifunika blanketi, akalala hadi kesho. Wenzake Foibe walimwambia, "Wewe una bahati, mama. Wa kwangu akinywa, sufuria zote zinajua." Foibe alitabasamu, lakini moyoni aliungua. Mume wa kulala humtumi, humshauri, humkalishi na wageni. Siku ya kipaimara cha binti yao Aikande, Ngilisho alisinzia mezani mpaka shavu likalala kwenye pilau, na mchungaji ameketi mbele yake.

Aikande ndiye aliyekuwa amebaki nyumbani. Dada yake mkubwa, Nsia, alikuwa Dar es Salaam akifanya kazi kwa watu. Hivyo ndivyo Foibe alivyosema, na watu walijua hivyo. Zamani, kwa desturi ya kumwita mama kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Foibe aliitwa Mama Nsia. Baadaye akasema anapenda zaidi kuitwa Mama Aikande, "maana ndiye niliye naye hapa." Watu wakazoea. Jina la mtu ni kama njia, likiacha kupitwa linaota majani.

Basi Aikande akapata mchumba, kijana mtulivu, fundi seremala wa ng'ambo ya pili ya korongo. Wazee wake wakaja kuposa, wakiongozwa na baba yake mkubwa, mzee Kisanga. Wakamkuta Ngilisho amelala. Wakaketi, wakangoja, wakakohoa, wakaondoka. Desturi ya huko ni kwamba baba wa binti ajibu kwa kinywa chake, na kinywa cha Ngilisho kilikuwa kinakoroma. Mzee Kisanga akaacha ujumbe: "Tutarudi Jumamosi ya wiki ijayo. Tukimkuta amelala tena, tutajua ndilo jibu lake."

Aikande alilia siku hiyo mpaka akapata homa. Foibe akamwambia, "Nyamaza mwanangu. Baba yako atakuwa macho hata kama ni lazima nimshike kope kwa vidole."

Lakini atamfanyaje? Kumzuia asinywe alishajaribu. Alimfichia viatu, akaenda pekupeku. Asipokunywa kabisa mikono ilimtetemeka hata kikombe cha chai kikamwagika. Ndipo Foibe akapanda gari kwenda Moshi mjini kwa mdogo wake Kunda, aliyekuwa akifanya kazi kaunta ya baa, katika hoteli wanamofikia wageni wa kupanda mlima.

"Kunda, kuna dawa ya kumfanya mtu anywe na asilale?"

Kunda akacheka. "Dada, hiyo si dawa, hiyo ndiyo biashara yetu. Wazungu wakishuka mlimani wako hoi, wanajikokota kama kuku wenye kideri. Wanaagiza kahawa baridi iliyotiwa pombe kali. Dakika kidogo unawaona macho kodo, wanapiga soga mpaka tunawaomba wakalale."

"Na ulevi unaondoka?"

"Uondoke uende wapi? Uko palepale, umekosa tu mahali pa kulala."

Foibe alisikia neno moja tu katika yale yote, kwamba hawalali. Akamwomba Kunda amfundishe.

Sasa niwaambie jambo. Foibe alilima kahawa tangu alipoolewa, lakini kunywa hakuinywa. Kwao kahawa ilikuwa ya kuchuma, kumenya, kuosha, kuanika na kupeleka kuuzwa kwenye chama cha ushirika. Wenyewe walikunywa chai. Kwa hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuchota buni kutoka kichanjani kwa ajili ya nyumba yake. Alizitwanga kinuni polepole zitoke maganda, akazipepeta kwa ungo, akazikaanga kwenye chungu kikavu huku akizigeuza kwa mwiko bila kupumzika, mpaka zikawa nyeusi, zikatoa mafuta, na moshi wake ukawatoa jirani nje kuuliza kunaungua nini. Akazitwanga tena zikawa unga, akachemsha nzito, akaiacha itulie, akaichuja kwa kitambaa safi. Akaonja kwa ncha ya kidole, uso ukamkunjamana. Kunda alimwambia uchungu huo haumalizwi kwa sukari ya kawaida, kwa hiyo akaweka sukari katika sufuria bila maji, akaiunguza mpaka ikawa kama asali ya porini, ndipo akaizimua kwa maji kidogo. Gongo alimtuma mtu akamletee, kiongozi wa kina mama haonekani kilabuni. Vyote akavitia katika chupa yenye kifuniko cha kukaza, akaizamisha kwenye mfereji, kwa sababu maji ya mfereji ule yanatoka msituni juu nayo ni baridi ya kuuma meno. Alipoitoa akaifunga kwa kitambaa, akaitikisa kama anayetikisa kibuyu cha maziwa. Alipoimimina, juu lilikaa povu zito, la rangi ya udongo.

Jumamosi, kabla Ngilisho hajashika njia yake, Foibe akamwekea glasi mezani. Ngilisho akanusa, akanywa, akainua macho.

"Hii nini, Foibe?"

"Kinywaji cha hotelini. Leo kilabu imekufuata nyumbani."

Ngilisho akacheka, na Foibe akashtuka, kwa sababu alikuwa amesahau kicheko chake kilivyo. Glasi ilipokwisha akaoga mwenyewe, akavaa koti la harusi yao, likamtosha. Wageni wakachelewa. Foibe akaogopa nguvu ya kahawa isije ikaisha njiani, akampa glasi ya pili, na walipoonekana wanashuka korongo akampa ya tatu.

Ee, wageni walipokewa siku hiyo! Ngilisho aliketi wima, macho yanang'aa.

"Mzee mwenzangu," mzee Kisanga akamwambia kwa adabu, "mara ya kwanza tulikukuta umesafiri."

"Kusafiri wapi? Nilikuwa nimelewa."

Wote wakaangua kicheko. Foibe naye akacheka mpaka akajifuta machozi. Alisimama karibu na mlango, akimtazama mumewe akitania na kuuliza habari za mifugo. Akajiambia: hivi ndivyo ingekuwa siku zote.

Mzee Kisanga akakohoa, akaingia kwenye neno lenyewe. "Tumepotelewa na ndama jike. Tumefuata nyayo, zimeishia kwenye uwanja wako."

"Ndama yupi?" akauliza Ngilisho. "Nilikuwa nao wawili."

"Huyu aliyepo, mzee. Mkubwa yuko Dar, tumesikia."

"Mmesikia kwa nani?"

Foibe akasogea haraka. "Baba Aikande amechoka. Tumwache apumzike kidogo, mjomba wa binti atajibu..."

"Sijachoka." Ngilisho alimgeukia, wala hakupaza sauti. "Nitazame macho, Foibe. Leo umenitengeneza vizuri. Sina usingizi hata wa kuazima."

Kisha akawaambia wageni, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani:

"Nsia hayuko Dar. Yuko tambarare, nyuma ya nyumba ya shangazi yake Foibe, chini ya mawe matatu. Yuko na mtoto wake. Mwaka ule nilikuwa huko chini shambani, navuna mahindi. Niliporudi nikaambiwa binti amepata kazi. Nikafurahi! Nikauliza mbona hakuniaga, nikaambiwa gari halikungoja. Kumbe alikuwa na mimba, na kiongozi wa kina mama hawezi kuwa na binti mwenye mimba isiyo na baba. Akapelekwa kufichwa. Shangazi mtu akaagizwa asimtoe nje, asije akaonwa na mtu wa huku. Siku ya uchungu hakutolewa nje. Zahanati iko ng'ambo ya barabara. Nimeivuka mimi barabara hiyo. Ni nyembamba."

Mzee Kisanga akauliza taratibu, "Umejuaje haya, ndugu yangu?"

"Aliyechimba kaburi nilikunywa naye mbege huko huko chini. Hakujua mimi ni nani. Alinisimulia kama kisa."

"Na siku zote hizi ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nimelala," akasema Ngilisho.

Wakati huo Aikande alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Alikuwa amengoja kuitwa, na mkononi alishika kata ya mbege ya kumpa baba yake, kuonyesha kwamba amemkubali kijana. Juu ya gauni alijifunga kitenge kipya cha buluu, zawadi ya dada yake ya Krismasi.

"Mama," akasema. "Hiki kitenge nani alinitumia?"

Foibe alikitazama kitenge. "Nilinunua mimi. Sokoni."

"Na salamu? Kila mwaka ulikuwa unaniambia Nsia anakusalimu."



Aikande akaweka kata mezani polepole, tone halikumwagika. Akafungua kitenge, akakikunja vizuri kama nguo inayorudishwa kwa mwenyewe, akakiweka mikononi mwa mama yake. Akatoka, akapita katikati ya migomba kwenda kwa dada wa baba yake. Mzee Kisanga akainuka na watu wake. "Mama, pole," akasema. "Jibu letu tutalifuata aliko binti."

Na kweli walilifuata. Harusi ilifungwa, na shangazi huyo, dada wa Ngilisho, ndiye aliyesimama mahali pa mama. Foibe alialikwa kama anavyoalikwa mwanamke yeyote wa kijiji, akaketi benchi la nyuma. Uongozi wa kina mama aliuacha mwenyewe kabla hajaambiwa. Mnadhani hapo ndipo uchungu ulipoishia? Hapana.

Tangu Jumamosi ile Ngilisho hakunywa tena. Wiki ya kwanza alitetemeka na kutapika mpaka wakadhani wanamzika, kisha akainuka, mkavu, macho wazi. Foibe alikuwa amemwomba Mungu miaka mingi ampe mume asiyelewa. Sasa alikuwa naye. Kila jioni, akishafunga ng'ombe, Ngilisho aliketi kwenye kigoda uwanjani na kumwita. Hakumtukana, wala mkono hakumwinulia. Alimuuliza tu. "Foibe, siku unamtoa alikuomba nini? Alikula kabla ya kuondoka? Aligeuka nyuma?" Foibe alikimbilia jikoni akapiga vyombo kelele. Alitoka akamkuta bado anangoja.

Mwisho alishika njia ya kilabu yeye mwenyewe, mchana kweupe, watu wakimtazama. Akaleta gongo tupu, haina kahawa, akaimimina kwenye glasi, akapiga magoti.

"Kunywa, mume wangu. Nakuomba. Kunywa ulale."

Ngilisho akainusa, akairudisha mezani. "Nilikuwa nakunywa nisije nikakuuliza. Nimeshakuuliza, ninywe ya nini?"

Foibe akashuka tena mjini, akamkuta mdogo wake jikoni mwa hoteli, pamoja na wanawake wauza maparachichi waliokuwa wameleta mizigo.

"Kunda, nipe dawa ya kumlaza."

Kunda alimtazama dada yake, safari hii hakucheka. Nsia alikuwa mpwa wake, naye pia aliwahi kupelekewa salamu za uongo. "Dada," akasema, "mimi nilikufundisha ya kumwamsha. Ukimnywesha mlevi kahawa, msikilize."

Wauza maparachichi walisikia. Walipanda mlima na neno hilo kwenye vikapu vyao, likafika kijijini kabla ya jioni.

Foibe naye alifika jioni. Ngilisho alikuwa kwenye kigoda.

"Alfajiri ile," akamuuliza, kama jana, kama juzi, "alikuwa amevaa nini?"

Foibe alitazama jikoni, hakwenda. Akavuta kigoda cha pili, akaketi mbele ya mumewe.

"Gauni la kijani," akasema. "Lilikuwa limembana. Nilimwambia avute tumbo ndani."

"Endelea," akasema Ngilisho.

Akaendelea. Na kesho yake akaendelea tena, maana mwenye kuuliza hakuwa na usingizi, na aliyemwondolea usingizi alikuwa yeye.

Ukimnywesha mlevi kahawa, msikilize.