Mshale Uliogoma Pangoni kwa Fisi

– Paukwa!
– Pakawa.
– Mlango mmefunga?
– Tumefunga.
– Nje kuna nani?
– Hatujui.
– Hata mimi sijui. Basi sogeeni karibu, na anayetaka kwenda haja aende sasa, maana nikianza sitamsindikiza mtu.

Hapo kale, lakini si kale sana kwa kuwa laptopu zilikuwapo, watafiti walikuja porini wakafunga kamera kwenye miti. Kila njia kamera, kila shimo kamera. Mnyama akipita, kamera inampiga picha yenyewe, kacha, na picha inaruka mpaka kwenye laptopu iliyokuwa hemani. Mto ukafurika, watafiti wakakimbia, laptopu ikabaki na paneli yake ya sola. Nani aliiokota? Eeh, Fisi. Mmemjua kabla sijamtaja, na yeye hapendi kujulikana hivyo.

Fisi akaipeleka pangoni kwake. Paneli akaiweka juu ya mwamba, waya akaupitisha kwenye kitundu cha ukuta, akafungua laptopu. Akaona shimo la Sungura. Siku ile Sungura hakurudi nyumbani. Akaona kichuguu cha nguchiro. Siku ile nguchiro wakapungua. Pori lote likaingia hofu, na hakuna aliyejua anaogopa nini. Akina mama wakahamisha watoto, wakachimba mashimo mapya, wakayafunika kwa majani. Kacha. Shimo jipya likafika kwa Fisi.

Mpaka asubuhi moja mshale wa kwenye kioo ukagoma. Fisi akapapasa kile kibao cha chini ya vitufe, mshale kimya. Akakipapasa kwa mguu wa pili, mshale kimya. Akakilamba. Picha mpya zilijaa kwenye kioo na yeye hawezi kufungua hata moja. Mate yakamdondoka, to, to, to.

Sasa porini fundi alikuwa mmoja tu, naye ni Sange, yule mnyama mdogo kuliko panya, mwenye pua ndefu isiyotulia. Sange alikuwa ameishi chini ya meza ya watafiti, akila makombo yao na kutazama kazi yao. Fisi hakumwita. Fisi alimchukua mtoto wa Sange, Njiti, akamkanyaga mkia, akangoja. Mama akaja mwenyewe.

"Mama Njiti," akasema Fisi, "karibu. Mshale ukitembea, mwanao huyu hapa, mchukue. Jua likizama haujatembea, mwanao hutamwona tena."

"Nimesikia, mzee," akasema Sange. Akapanda juu ya laptopu, pua mbele. "Umeizima ukaiwasha?"

"Niizime?"

"Izime, mzee."

Fisi akazima. Fisi akawasha.

"Umezima?"

"Nimezima."

"Umewasha?"

"Nimewasha."

"Mshale?"

"Haujasogea."

To, to, to.

Sange akapanguza kibao kwa tumbo lake, maana mate yalikuwa yameganda juu yake. Zima. Washa.

"Mshale?"

"Haujasogea. Na jua linasogea, Mama Njiti."

Sange akaacha kibao, akaanza kurukaruka juu ya vitufe. Vitufe vilikuwa vizima, na anayevijua hutembea navyo kote bila mshale. Akafika mahali laptopu inapotaja viungo vyake, na hapo akaona alama ndogo ya njano. Draiva imeharibika. Draiva ni ile programu inayosikiliza kidole na kuuambia mshale uende wapi. Inaondolewa, inawekwa upya, basi. Ni kazi ya kubonyeza vitufe viwili vitatu.

Kazi ilikuwa rahisi, na hapo ndipo hofu ilipomwingia Sange barabara. Mshale usipotembea, Njiti analiwa. Mshale ukitembea, Fisi atafungua picha zile, na kwenye kioo aliiona moja ambayo Fisi bado hajaijua: mzizi wa mti wa mkakaya, jani juu ya mlango, na mlango ule ulikuwa wake. Ndani yake kulikuwa na watoto wengine, wadogo kuliko Njiti.

– Mnanisikia?
– Tunakusikia.
– Kwa nini mmeshikana mikono?

"Mbona umeacha kubonyeza?" akauliza Fisi.

"Nimeupata ugonjwa wake, mzee. Lakini wakati wa kuweka draiva umeme usikatike. Ukikatika katikati, laptopu inakufa na picha zake zote. Lazima mtu akae juu ya mwamba aielekeze paneli kwenye jua. Mimi sina nguvu hizo."

Fisi akamtazama kwa jicho moja. "Nikipanda, utakimbia."

"Mwanangu si unaye?"

"Kweli," akasema Fisi. Akamwokota Njiti, akamtia kinywani, akafumba mdomo, akapanda.

Sange akabaki peke yake chini, na tangu hapo hakuuliza ila maswali ya kujibiwa kwa mdomo uliofumbwa.

"Jua lipo, mzee?"

"Mm."

"Paneli umeishika?"

"Mm."

Asicheke, Sange aliomba moyoni. Asipige chafya, asimeze mate. Vidole vyake vikakimbia, tik tik tik. Akazifuta picha moja moja, shimo baada ya shimo, na la kwake pia. Akafika kwenye picha iliyoingia asubuhi ile: pango la nyuma ya mwamba mwekundu, giza tupu, na macho mawili yanayong'aa. Chini yake laptopu ilikuwa imeandika: Simba jike, amezaa. Hakuna mnyama aliyekuwa na habari hiyo. Sange akafuta herufi zile, tik tik tik, akaandika nyingine. Ndipo akaiondoa draiva, akaiweka upya kama inavyotakiwa, kazi safi.

"Tayari, mzee. Njoo upapase."

Fisi akashuka mbio. Akamtema Njiti chini, ameloa mpaka masikioni lakini mzima, akamkanyaga mkia, akapapasa. Mshale ukatembea.

"Hihihii," akacheka Fisi. "Na picha nyingine ziko wapi?"

"Zitarudi pole pole. Draiva bado mpya, mzee."

Fisi akasoma kwa kuunganisha silabi: "Pi-mbi. Wa-to-to we-ngi. Wa-no-no." Akameza mate. "Mbona macho makubwa?"

"Kamera ilikuwa karibu. Hata mimi kwa karibu ni mkubwa."

"Haya."

"Mwanangu, mzee. Tulikubaliana."

"Mwanao si huyo hapo?" akasema Fisi. "Kaa naye. Nikila pimbi nitataka kitu kidogo cha kushushia." Akatoka, akalisukuma jiwe kubwa mlangoni, ngurumm, pango likawa giza. Ukabaki mwanga wa kioo tu.

Njiti akamkumbatia mama yake. "Mama, kitundu cha waya tunapita. Twende."

"Ngoja kidogo."

Wakangoja. Kacha. Fisi mbele ya pango la nyuma ya mwamba mwekundu, ulimi nje. Kacha. Fisi amepiga magoti, kichwa kimeingia. Kacha. Mkia tu. Kisha hakuna picha kwa muda mrefu, na Sange akajikuta anamwonea Fisi huruma kidogo, huruma ya ukubwa wake yeye Sange. Kacha. Simba jike amekaa mlangoni, anajilamba mguu, na nyuma yake watoto wanavutania kitu.

"Mama, hao wanavuta nini?"

"Usitazame," akasema Sange. Akaing'oa draiva, safari hii bila kuirudisha, akakata waya kwa meno, wakapenya kwenye kitundu.

Haya, funzo, na nalisema kwa sauti ili hata aliye nje asikie. Fundi mwaminifu hagusi faili za mteja wake. Tena msimhukumu mwenye nguvu kabla ya wakati; akikuahidi kitu, mwamini, akikwambia kaa hapa, kaa hapo hapo umsubiri. Mmenielewa?

– Tumekuelewa.
– Hadithi yangu imeingia shimoni, aliyeiona aseme hakuiona.
– Hatukuiona.
– Mlango mmefunga?
– Tumefunga.
– Basi hiyo kacha niliyoisikia sasa hivi hapo dirishani ni ya nini?