Haba na Haba Hujaza Baba

Paukwa!

Pakawa!

Jiko lilikuwa la nani?

La mpishi!

Na moshi ulikuwa wa nani?

Wa mpishi!

Na mnofu ulikuwa wa nani?

Mbona mmenyamaza? Wale wa nyuma wanacheka, basi wanajua. Sogeeni karibu. Mwenye mkeka aukunjue, mwenye usingizi aufunge kamba, ngano yenyewe ndiyo hii.

Hapo zamani, zamani zile wanyama walipokuwa wakilima, wakipika na kulipa mahari, palikuwa na familia ya nguchiro. Baba aliitwa Mzee Mapande. Mama aliitwa Mama Tindi, kwa kuwa kifungua mimba wao alikuwa binti, jina lake Tindi, mwembamba wa kiuno na mkali wa ulimi. Na kitinda mimba alikuwa Kidudu, mdogo hivi, wa kubebwa mgongoni.

Nyumba yao ilivuja. Ilivuja jikoni, ilivuja ghalani, ilivuja chumbani kwa watoto. Masika yaliyopita Kidudu alinyeshewa kitandani, akakohoa kho, kho, kho, mpaka mahindi yakakomaa. Tindi ndiye aliyemshika mgongo masika yote yale, akausikia ukitetemeka chini ya kiganja chake kama ngozi ya ngoma. Akaapa kimoyomoyo kwamba masika mengine hayatamkuta Kidudu chini ya tundu.

Sasa masika yalikuwa yamebakiza mwezi mmoja. Makuti yalikuwa kwa Kima, na Kima alikuwa hakopeshi, hapunguzi, wala haoni haya. Kuti moja kwa kibaba kimoja cha mtama. Nyumba ile ilitaka makuti thelathini.

Basi Mzee Mapande akaita kikao. Yeye akakaa kwenye kiti, wengine wakakaa chini. Akakohoa kikohozi cha wakubwa, kile kisicho na ugonjwa ndani yake. Akasema kuanzia leo nyumba nzima inabana matumizi. Kila punje itakayookolewa itaingia kwenye mtungi ulio ghalani, mpaka vibaba thelathini vitimie. Kisha akainua kidole.

"Wahenga walisemaje?"

"Haba na haba hujaza kibaba."

"Basi fungeni mikanda."

Niseme kweli, siku ile Tindi alimpenda baba yake kuliko siku zote.

Wiki ya kwanza, Mzee Mapande akaondoa asali ya uji. Watoto wakanywa uji mweupe, Kidudu akakunja uso mpaka pua ikapotea. Mama Tindi akaipeleka asali gulioni, akaibadilisha kwa mtama, akaumimina mtungini. Alhamisi Tindi akaenda ghalani, akaugonga mtungi kwa kidole. Mtungi ukajibu:

"Tupu, tupu, tupu."

Akaenda kwa baba yake. Mzee Mapande akasema ni panya.

Wiki ya pili, akaondoa mafuta ya mboga. Mchicha ukachemshwa kwa maji na chumvi, ukaliwa kimyakimya kama dawa. Mafuta yakaenda gulioni, yakarudi mtama, mtama ukamiminwa mtungini. Alhamisi Tindi akagonga.

"Tupu, tupu, tupu."

Mzee Mapande akasema ni mkono wa mama yao, unamwaga njiani.

Wiki ya tatu, akaondoa mlo wa mchana. Mama na watoto wakawa wanakula mara moja, jua likizama. Mtama wa mchana ukapimwa, ukamiminwa mtungini. Alhamisi Tindi akagonga, na safari hii hakugonga kwa kidole, aligonga kwa ngumi.

"Tupu, tupu, tupu."

Mzee Mapande akasema ni hawa watoto, wanakula sana.

Tindi akaketi kwenye kizingiti akafikiri. Watoto wanaokula mara moja kwa siku wanakula sana vipi? Mama ambaye hajawahi kumwaga hata maji ya kunawa anamwaga vipi? Na panya, hebu tuulizane, ni panya gani huyo mwenye roho ngumu ya kuingia kuiba katika nyumba ya nguchiro? Panya wote wa bonde lile walikuwa wakiipita nyumba hiyo kwa mbali, tena wakiwa wameshikana mikono.

Kesho yake mchana Tindi akajificha nyuma ya mtungi, fimbo mkononi. Akangoja. Hakuja panya. Hakuja mwizi. Aliyekuja ni mama yake, ameinamisha uso, kibaba mkononi. Akachota kibaba kimoja cha mtama, akausawazisha kwa kiganja, akageuka aondoke.

Tindi akatoka akamwuliza anaupeleka wapi.

"Wa baraza, mwanangu. Baba yako ana wageni."

Hapo tuelewane. Kila siku, jua likianza kuinama, Fisi na Kunguru walikuja barazani kwa Mzee Mapande kucheza bao. Na kila walipokuja, Mzee Mapande alipiga kelele kuelekea jikoni kwamba wageni wamefika. Wakaletewa kahawa, wakaletewa vitumbua vya mtama. Kunguru alikula viwili akatia cha tatu chini ya bawa. Fisi hakuhesabu.

"Mama, si tumebana matumizi?"

"Haya si matumizi, Tindi. Hii ni heshima."

Mama akaenda zake kutwanga. Tindi akabaki na neno lile mkononi kama mtu aliyepewa kaa la moto. Akaligeuza huku, akaligeuza huku. Asali ya Kidudu ni matumizi. Mafuta ya mchicha ni matumizi. Mlo wa mchana wa mama, anayetwanga tangu alfajiri, ni matumizi. Lakini vitumbua vya Fisi ni heshima. Tumbaku ya kunusa ya baba ni heshima. Firigisi, ambayo ni ya baba hata kama kuku kafukuzwa na mtoto, kachinjwa na jirani na kanyonyolewa na mama, nayo ni heshima. Nani aliyekaa akagawa majina haya, hili matumizi, hili heshima? Na kwa nini wakati wa kugawa hakuna aliyeita jikoni kuuliza?

Hakulia. Alikwenda kumsaidia mama yake kutwanga, akamwomba jambo moja tu: kesho sinia la wageni alipeleke yeye. Mama Tindi akaweka mchi chini, akampa kawa.

Kesho ikafika. Fisi akaja, Kunguru akaja, bao likapangwa kete. Mzee Mapande akapiga kelele yake kuelekea jikoni. Tindi akatoka amebeba sinia kubwa kuliko yote, limefunikwa kwa kawa jekundu la harusi. Akapiga goti, akawaamkia wazee mmoja mmoja, shikamoo baba, shikamoo mjomba Fisi, shikamoo shangazi Kunguru, akaweka sinia katikati, akanawisha mikono ya kila mtu. Hata Mzee Mapande akavimba kwa fahari, akamwambia Fisi, unaona malezi.

Fisi akafunua kawa.

Ndani palikuwa na bakuli la uji mweupe na sahani ya mchicha uliochemshwa. Basi.

Fisi akalifunika, akalifunua tena, pengine aliangalia upande usio wenyewe.

"Mapande, hii ni nini?"

"Ni chakula cha nyumba hii, mjomba," Tindi akajibu kwa adabu zote, macho chini. "Mgeni hula alacho mwenyeji, na sisi tuna wiki ya tatu tunakula hiki."

"Mimi nimezoea vitumbua hapa."

"Vitumbua ndivyo paa letu, mjomba. Upande wa jikoni mmeshaumaliza. Ghalani mlimaliza juzi. Sasa mmefika chumbani kwa Kidudu."

Kete moja ikamtoka Kunguru mkononi ikabingirika mpaka uani. Fisi, ambaye katika maisha yake hajawahi kuacha mfupa, aliitazama ile sahani, akamtazama Kidudu aliyekuwa amekaa mlangoni na mbavu zake zote hadharani, akarudisha mkono. Akasema ameacha mlango wazi nyumbani. Kunguru akasema naye kaacha mayai. Wakaondoka, mmoja kwa miguu, mwingine kwa mbawa.

Mzee Mapande akasimama. Manyoya ya shingo yalimsimama. Akasema ameaibishwa, ameaibishwa na mwanawe, ameaibishwa kwenye baraza lake mwenyewe. Akainua kile kidole.

"Wahenga walisema haba na haba hujaza nini?"

"Kibaba."

"Na mimi hapa nyumbani ni nani?"

"Baba."

"Basi! Si ndiyo nilikuwa najazwa?"

Na msicheke, maana hakuwa anatania. Mzee Mapande aliamini hivyo tangu utoto. Baba yake alijazwa, babu yake alijazwa, na methali yenyewe, kwa jinsi alivyoisikia, ilitoa amri. Nyumba ikidunduliza, baba hujaa.

Ndipo Mama Tindi akatoka jikoni. Miaka kumi na miwili alikuwa hajawahi kukanyaga baraza lile wakati wa bao. Akaja polepole, akajifuta mikono kwenye khanga, akamwekea mumewe kikombe cha kupimia mkononi.

"Mume wangu, hiki ndicho kibaba. Kitazame vizuri. Kina tumbo?"

"Hakina."

"Kina wageni?"

"Hakina."

"Kina firigisi yake?"

Mzee Mapande akakigeuza kikombe juu, akakigeuza chini, akakichungulia ndani. Mama Tindi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo, alicheka cheko la miaka kumi na miwili, na Kidudu akacheka kwa sababu mama anacheka.

Sasa msidhani baba alibadilika papo hapo. Hizo ni ngano za watu wengine. Mzee Mapande alinuna siku mbili nzima. Alikaa kwenye kiti chake akiutazama ukuta, na kila aliyemsalimia alijibiwa kwa pua. Siku ya tatu wingu la kwanza likaonekana upande wa mlimani, dogo kama ngumi. Kidudu akaliona naye, akavuta shuka mpaka masikioni mchana kweupe, jua likiwaka. Mzee Mapande akamwona mwanawe anavyojifunika. Akatoka bila kuaga.

Alirudi jioni amebeba mtama. Kahawa yake iliyobaki kaiuza. Tumbaku kaiuza, na mkoba wake. Alipochinjwa kuku wa kumpelekea Kima kama sehemu ya malipo, firigisi nayo ikaondoka na kuku, na Mzee Mapande akaisindikiza kwa macho mpaka njia panda. Wiki ile mtama uliingia mtungini na haukutoka. Mlo wa mchana ukarudi, kidogo lakini ukarudi, na Kidudu akapata kijiko kimoja cha asali, akakilamba mpaka jioni.

Alhamisi ya nne Tindi hakugonga mtungi. Waliuinamisha wakapima wote wanne, wakajumlisha na thamani ya yule kuku aliyekwenda kwa Kima. Makuti ishirini na sita.

Walimsihi Kima awakopeshe manne yaliyobaki. Kima hakopeshi, hapunguzi, wala haoni haya. Akapanda juu ya paa akaezeka, akaezeka, akaezeka, mpaka makuti yakamwishia mkononi. Akainama akauliza tundu alielekeze wapi.

Jikoni? Jikoni kuna moto. Ghalani? Ghalani kuna mbegu. Chumbani kwa watoto hata hakukuulizwa. Tindi alikuwa na jibu, na alikuwa na haki nalo, lilikuwa limemkaa kwenye ncha ya ulimi, limenolewa. Alipofungua kinywa, akasikia sauti ya baba yake.

"Liweke juu ya kitanda changu," Mzee Mapande akamwambia Kima. "Mengine manne niliyala mimi."

Tindi akafunga kinywa.

Masika yakaanguka alfajiri, si mvua ya kunyunyiza, mvua yenyewe. Tindi aliamka akaweka kiganja mgongoni kwa Kidudu, akangoja. Mgongo ulikuwa mkavu. Mgongo ulikuwa umetulia. Kidudu alilala mpaka uji ukaiva, akaamka akalalamika kwamba una moto.

Mzee Mapande akatokea chumbani kwake amelowa kuanzia masikio mpaka mkia, amesimama mlangoni kama gunia lililotolewa mtoni. Akauliza, taratibu, kama kuna uji wake pia. Mama Tindi akasogeza chungu akampakulia. Bakuli lake lilikuwa sawa na la wengine. Akakaa chini, kati ya Tindi na Kidudu, akanywa.

Na mafunzo yake ni haya, myachukue mwende nayo majumbani. Kubana matumizi ni jambo jema, lakini mkanda ni wa nyumba nzima. Anayemfunga mkanda mwenzake huku yeye kalegeza wake, huyo habani matumizi, huyo ananyonga watu. Na kabla hamjaanza kupunguza, kaeni wote mgawane majina upya, maana kuna mengi yanaliwa kwa jina la heshima.

Ngano yangu imefika kizingitini, na mimi natoka nayo. Ikiwa tamu, igawaneni sawasawa. Ikiwa chungu, mwekeeni baba.