Burulcha na Njia ya Karatash

Wahenga walipotuambia mficha uchi hazai, hawakuwa na nia ya kutuvua nguo. Walimaanisha kwamba mwenye shida asipoifunua hapati wa kumsaidia, kwa sababu hata mkunga hodari hawezi kupokea mtoto aliyefungiwa ndani ya blanketi. Burulcha, mke wa Asankul wa mjini Naryn, aliijua methali hiyo vizuri tu. Kuijua ni jambo moja, na kuitumia ukiwa peke yako nyuma ya usukani ni jambo jingine.

Burulcha alifiwa na mama yake akiwa na miaka minne, akalelewa na shangazi yake, Seilkan. Kila alipouliza habari za mama yake aliambiwa, "Ukikua." Sasa alikuwa na miaka arobaini na mitano, na Seilkan, mwenye themanini na mmoja, alikuwa anahamia Siberia kwa mwanawe mkubwa. Hakuna aliyejidanganya kwamba angerudi. Basi akatuma ujumbe kutoka kijiji cha Karatash, alikokuwa akikaa na mwanawe mdogo: "Njoo Jumamosi asubuhi nikwambie yote. Saa nane mchana naondoka." Simu haikuwa na msaada, maana masikio ya Seilkan na simu yalikwisha kugombana zamani.

Asankul alikuwa amevunjika mguu, amelala kama gogo. Leseni ya udereva ya mkewe ilikuwa na umri wa wiki tatu.

"Utaweza?" aliuliza.

"Kama wewe uliweza, tatizo si gari."

"Karatash mimi sijafika. Ukivuka daraja la pili, uliza watu."

Saa moja asubuhi Burulcha aliwasha gari. Mwanzoni aliukumbatia usukani kama mtu aliyeng'ang'ania mti wakati wa mafuriko, lakini kufikia daraja la kwanza mabega yalikuwa yamelegea. Juni ilikuwa imepaka milima kijani hadi kwenye ukingo wa theluji. Kundi la kondoo lilimzuia njiani, akazima injini, akala mkate wake akiwatazama wakipita. Hakuna aliyemwambia punguza mwendo, hakuna aliyemwambia ongeza. Aliimba hata nyimbo asizozijua.

Baada ya daraja la pili alikuta njia panda. Kibao cha barabarani kilikuwa kimeng'olewa, sasa kilikuwa mlango wa zizi, upande wenye maandishi ukiwatazama wana-kondoo. Mchungaji alikuwa amekaa juu ya farasi, akitafuna jani.

"Salamu, kaka. Naomba njia ya kile kijiji Cheusi."

"Vyeusi viko vingi, dada. Cheusi nini?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwa lugha yao, Karatash maana yake Jiwe Jeusi. Kara ni nyeusi, tash ni jiwe. Na baba mkwe wa Burulcha aliitwa Tashtanbek. Mkaza mwana mwenye adabu hatamki jina la baba mkwe wake, wala neno lililojificha ndani ya jina hilo. Kwa miaka ishirini na miwili Burulcha hakuwahi kusema "tash". Jiwe la kusagia aliliita "lile zito", na jirani alipougua mawe kwenye figo, alisema anaumwa "changarawe". Nyumbani wote walimwelewa.

"Cheusi... kigumu," alisema.

"Kigumu vipi?"

"Kigumu sana. Ukipigwa nacho kichwani, huamki."

Mchungaji alifikiri, kisha uso ukamng'aa. "Ahaa. Nimekupata. Shika kushoto mpaka mwisho."

Burulcha alishukuru, akashika kushoto. Ilikuwa barabara ya mashimo, ikamlia saa nzima na nusu. Mwisho wake kulikuwa na kibao kizima kabisa: Karatemir. Chuma Cheusi.

Bombani palikuwa na mama mmoja mnene akikinga maji. Alimtazama Burulcha, akalitazama na gari.

"Nani kakuleta huku?"

"Adabu," alijibu Burulcha, karibu kulia.

"Ulikuwa unakwenda wapi?"

Burulcha alifungua mdomo, akaufunga. Mama yule aliweka ndoo chini.

"Jina la mkwe?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Mkwe mwenyewe yuko wapi?"

"Naryn."

"Basi masikio yake yanamshinda punda wangu. Mwanangu, mimi pia ni mkaza mwana, wangu anaitwa Temir na kijiji ndicho hiki. Ningekuwa kama wewe, barua zangu zingefika wapi? Sema."

Burulcha aliitazama saa. Ilikuwa imefika tano na nusu.

"Karatash," alisema, kama mtu anayetema mfupa.

Mbingu haikuanguka. "Rudi njia panda, shika kulia, dakika arobaini," alisema mama yule, na kuinua ndoo yake.

Alipofika Karatash ilibaki robo saa kufika saa nane. Gari la safari lilikuwa linanguruma uani, Seilkan ameketi ndani, mkanda umefungwa.

"Nilikungoja tangu saa nne. Kondoo niliyekuchinjia ameshaliwa."

"Nilipotea, shangazi."

"Njia panda moja tu, unapoteaje?"

Burulcha alimweleza. Seilkan alicheka mpaka kitambaa kikamteleza kichwani. Kisha akaushika mkono wa mpwa wake kupitia dirishani.

"Nilikuwekea asubuhi nzima," alisema. "Sasa nianzie wapi?"

"Popote."

"Alitumia mkono wa kushoto, kama wewe. Na alipenda kucheka misibani, ilibidi tumfiche nyuma ya..."

Dereva aliangalia saa, akapiga honi. Seilkan alikunjua viganja, akamwombea dua ya haraka, akapitisha mikono usoni. Gari likatoka. Burulcha aliachwa uani na mambo mawili ya mama yake, la pili likiwa nusu, na hakuna mwingine duniani aliyejua nusu iliyobaki. Kweli, mficha uchi hazai.