Nani Ampe Jina Mtoto wa Stamili?

Sogeeni, niwape kesi. Hukumu mtaitoa ninyi.

Mji wa Mabondeni una daraja moja tu la kuingilia, na hospitali iko ng'ambo. Kila asubuhi magari yalisongamana hapo mpaka madereva wakazima injini. Stamili alimpoteza mtoto wake wa kwanza darajani, ndani ya gari la wagonjwa lisiloweza kusogea.

Diwani Tunu Mahimbo alikuwa na kipaji cha kusema yale ambayo watu hawataki kuyasikia. "Mwenye gari binafsi akivuka asubuhi, alipe," alisema mkutanoni. "Fedha hizo zinunue mabasi." Alizomewa. Tozo ilipita, lakini uchaguzi uliofuata akakosa kiti.

Mabasi yalinunuliwa, ila yalikaa kituoni yakisubiri kujaa. Dereva Kasiani Nyoni, mtu wa subira, akawaambia wenzake, "Abiria akicheleweshwa leo, kesho atarudi kwenye gari lake. Tuondoke kwa saa, hata viti vikiwa vitupu." Akaanza yeye. Wenzake walimcheka wiki nzima, kisha wakamfuata.

Hata hivyo wenye magari walilipa wakinung'unika, wakaendelea kuvuka. Basi waliliona ni la wasio na uwezo. Ndipo Fadhil Mshangama, mfanyabiashara wa mbao ambaye watu walimwiga hata mshono wa kanzu, akaonekana kituoni.

"Umefilisika, Bwana Fadhil?" jirani yake alimuuliza.

"Hapana. Nimechoka kuwazibia wagonjwa njia."

Mwezi haukuisha, magari mengi yakawa yanabaki nyumbani.

Stamili alishikwa tena na uchungu asubuhi, saa ileile ambayo zamani daraja lilikuwa halipitiki. Alifumba macho gari la wagonjwa lilipolikaribia. Alipoyafumbua, walikuwa wamekwisha kuvuka. Akajifungua mtoto wa kike, mzima.

Siku ya kumtoa mtoto nje, Nassoro, mume wake, aliwaalika Tunu, Kasiani na Fadhil. "Tunaomba mmoja wenu ampe jina," alisema.

Tunu akasema, "Heshima hiyo apewe Kasiani. Bila basi la uhakika, tozo yangu ilikuwa adhabu tu."

"Basi lenyewe lingetoka wapi bila wewe?" Kasiani alijibu. "Na bila Bwana Fadhil, ningembeba nani?"

Fadhil akatikisa kichwa. "Mimi sikupoteza chochote. Bi Tunu alipoteza kiti."

Stamili aliwatazama mmoja mmoja, mtoto kifuani, akashindwa kuchagua.

Je, wewe ungemkabidhi nani mtoto huyu ampe jina?